Barua ya wazi kwa Jeshi la Polisi: raia mwema naye ana jina

Kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi,
Kwa Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai,

Waheshimiwa,

Kwa umri wangu shikamoo huwa naipokea kuliko kuitoa, lakini kwa vyeo vyenu naitanguliza.

Nilikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, mkoa wa Dar es Salaam, vipindi viwili, kuanzia uchaguzi wa 2009 hadi ule wa 2019. Mtaa sitautaja na kituo cha polisi sitakitaja. Mkisoma mpaka chini mtaona sababu.

Kila wiki kamanda wa mkoa fulani husimama mbele ya waandishi wa habari. Mezani kumepangwa mapanga, runinga bapa na redio za magari, pembeni pikipiki tatu nne zisizo na namba. Kamanda anasoma: mnamo tarehe fulani, majira ya saa nane usiku, kufuatia taarifa kutoka kwa raia wema, Jeshi la Polisi lilifanikiwa kuwakamata. Halafu yanafuata majina ya watuhumiwa na umri wao. Raia wema wanapita katika taarifa ile kama abiria wasioshuka kituoni. Mimi nataka nimshushe mmoja, mumtazame.

Nitamwita Fundi, maana alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, mashine yake nyeusi ya kukanyaga kwa mguu ikiwa imeelekea uchochoroni, na ng'ambo ya uchochoro palikuwa na nyumba yenye geti la bati. Msimu wa sare za shule, Desemba na Januari, Fundi huchelewa kulala. Ndipo akaanza kuona. Usiku pikipiki inaingia nzima, ikisukumwa, taa zimezimwa. Mchana inatoka kidogo kidogo: tangi ndani ya kiroba, rimu mbili juu ya baiskeli, mashine imefungwa kwa khanga kama mtoto mchanga. Siku niliyompelekea suruali aipunguze kiuno, aliniambia bila kuinua macho, "Mjumbe, macho ninayo. Mdomo ndio sina."

Miezi ile vijana wawili wa bodaboda mtaani kwetu walikuwa wameporwa pikipiki za mkataba. Mmoja alikatwa panga la mkono, na deni la tajiri wake likabaki pale pale. Nikambembeleza Fundi. Nikamwambia maneno tuliyokuwa tukifundishwa kwenye semina za polisi jamii, kwamba siri yako itatunzwa. Nilimwambia hivyo kwa kinywa changu, na ndiyo maana anayeandika barua hii ni mimi na si yeye.

Tulikwenda kituoni siku ya Jumatatu. Kwenye benchi kulikuwa na watu kama kumi na watano, wengine wameshika hotipoti za mahabusu, wengine wamekuja kuwawekea ndugu zao dhamana. Nikamwinamia askari wa kaunta, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba tunaomba kumwona mkuu wa upelelezi, ni jambo la faragha. Kijana mwenye adabu kabisa. Akageuka, akapaza sauti kuelekea chumba cha pili: "Afande, kuna mama hapa ana taarifa za zile pikipiki!"

Benchi zima likatugeukia.

Hakuwa na nia mbaya. Laiti angekuwa nayo, maana mwenye nia mbaya anachukuliwa hatua, anahamishwa, yanakwisha. Yeye alikuwa anafanya kazi yake kama alivyowakuta wenzake wakiifanya. Likaja daftari: jina kamili, umri, kabila, mahali unapoishi, jirani na nani, namba ya simu. Fundi akavitaja vyote kwa kunong'ona, na askari akavirudia kwa sauti ili asikosee kuandika.

Baada ya siku tatu difenda, gari la polisi, ikaja saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa kwa muuza kahawa, hatua ishirini hivi. Gari halikwenda kwenye geti la bati. Lilisimama mbele ya cherehani. Askari akashuka, kidole kimeelekezwa ng'ambo, akauliza, "Mama, ndiyo hii?" Fundi hakuinua uso. Akaendelea kukanyaga mashine. Uzi ulikuwa umekatika zamani, sindano inatoboa kitambaa bure, naye anakanyaga tu.

Humo ndani zilikutwa fremu tano na vipuri vya kujaza difenda. Watu watatu walibebwa. Kazi nzuri, nasema bila kejeli. Baada ya siku kadhaa wawili wakatoka kwa dhamana, ambayo ni haki yao na silalamikii hilo. Wiki iliyofuata Fundi akanionyesha ujumbe kwenye simu yake: "Fundi, sanda unashona shilingi ngapi?" Basi. Hakuna tusi wala tishio ambalo ukilipeleka mahakamani litasimama kwa miguu yake. Akapakia cherehani kwenye fuso lililokuwa limeleta vitunguu mjini, akarudi mkoani kwao. Barazani pale sasa kunauzwa chipsi.

Waheshimiwa, namba yake ya simu aliitaja mara moja tu katika shauri zima, nayo ni pale kaunta.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu ninyi mnapozungumzia usalama wa watoa taarifa, huwa mnazungumza kana kwamba adui ni mhalifu mwenye akili nyingi, mwenye mtandao, mwenye masikio kila kona. Wapo wa aina hiyo. Lakini yule wa geti la bati hakuhitaji akili yoyote. Alikuwa na shemeji kwenye benchi, au hata hakuwa naye, akangoja tu aone difenda inasimama wapi. Siri ya Fundi haikuibiwa. Iligawiwa bure, na watu wema, mchana kweupe.

Na enzi zile laini za simu zilikuwa bado hazijasajiliwa kwa alama za vidole. Tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa hivyo zilipoanza kuzimwa, namba ya simu imekuwa kitambulisho chenyewe. Jaribuni leo: chukueni namba yoyote msiyoijua, anzeni kuitumia shilingi elfu moja. Kabla hamjaweka namba ya siri, jina kamili la mwenye laini litakuwa limeshatokea kwenye kioo. Mnaghairi, hamjapoteza hata senti. Sasa mfikirieni raia anayempigia mkaguzi wa kata kwenye simu yake ya mkononi, ile aliyoitangaza kwenye mkutano wa hadhara. Simu hiyo inalala juu ya meza ya baa, watoto wa afande wanaichezea gemu, ikipasuka kioo inapelekwa kwa fundi simu wa kibandani ambaye mwanzoni kabisa anaomba namba ya kufungulia. Orodha ya waliopiga ni orodha ya majina. Mnatuambia tupige simu kwa sababu simu ni salama kuliko kwenda kaunta. Kwa kweli kaunta walikusikia watu kumi na watano, ila simu inakumbuka kwa mwaka mzima.

Wengine watasema Fundi alihama tu, hakudhurika, mzee unakuza mambo. Hao wakumbuke Kibiti. Mwaka 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wenyeviti wa vijiji na vitongoji pamoja na watendaji walipigwa risasi, baadhi yao majumbani kwao usiku. Tarehe 13 Aprili mwaka ule askari wanane waliuawa kwa mpigo wakitoka lindoni. Mimi si mpelelezi na sitasema nani aliuawa kwa sababu gani. Ninachojua ni kilichotokea mitaani kwetu huku Dar es Salaam: ndani ya mwezi mmoja wajumbe wenzangu wawili waliacha kuhudhuria vikao vya ulinzi shirikishi, na mmoja alibandua kile kibati cha mlangoni kilichoandikwa cheo chake. Hakuna aliyekuwa amemtisha. Alikuwa anasikiliza redio tu.

Wenzetu wa Kenya walipita njia hiyo hiyo. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, serikali yao ilianzisha Nyumba Kumi, mpango waliouiga kutoka kwetu, kwenye mabalozi wa nyumba kumi wa TANU wa miaka ya 1960. Balozi wetu wa zamani alikuwa mtu wa kugawa vibali vya sukari na kusuluhisha ndoa. Kila mtu alijua kwake ni wapi, na ndiyo ilikuwa kazi yake kujulikana. Ukimchukua mtu wa namna hiyo, anayejulikana na kila mtoto wa mtaa, ukamwambia sasa wewe ndiwe masikio ya polisi, umemvika shabaha kifuani. Kule Kwale, pwani yao, wazee wa mitaa na wa Nyumba Kumi waliuawa mmoja baada ya mwingine kwa kushukiwa tu kwamba wanapeleka habari. Sijui kama waliokufa walikuwa wanapeleka habari kweli. Kwa aliyewaua haikuwa na maana.

Sheria tunayo. Ipo Sheria Namba 20 ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, inayozungumzia ulinzi dhidi ya kulipiziwa kisasi, hata zawadi na fidia. Sheria yetu ya ushahidi nayo inamkinga askari asilazimishwe kusema taarifa ya uhalifu aliipata wapi. Kinga hiyo tuliirithi kutoka sheria ya India ya 1872, ambayo wakoloni waliitumia hapa kabla hatujatunga yetu mwaka 1967. Kwa hiyo hakimu hawezi kumbana afande amtaje Fundi. Afande analindwa vizuri sana asitoe jina akiwa kizimbani, miezi sita baadaye, mbele ya wakili msomi. Kwa vitendo sijaona kinachomzuia asilitoe Jumatatu asubuhi mbele ya benchi la hotipoti.

Kuna jambo jingine ambalo askari wenu wengi wanalichanganya, na wananchi wanaumia kwalo. Mtoa taarifa si shahidi. Mtoa taarifa anakuonyesha mlango, wewe mpelelezi unakwenda kutafuta ushahidi wako mwenyewe: fremu, namba za chasisi, mwenye pikipiki aitambue. Kazi yake imeishia mlangoni. Shahidi ni yule atakayesimama mahakamani aseme nilimwona. Sasa huku chini mtu akija na taarifa, kitu cha kwanza anachoambiwa ni "kaa hapa uandike maelezo." Hajui kwamba akishatia saini karatasi ile amegeuka shahidi. Hajui kwamba kesi ikiwa kubwa, ya kwenda Mahakama Kuu, maelezo ya mashahidi yatasomwa mbele ya mshtakiwa kabla hata haijaanza kusikilizwa. Ni haki ya mshtakiwa, na ni haki nzuri. Ningeshtakiwa mimi ningeidai. Lakini mtu aambiwe kabla hajashika kalamu. Aulizwe: unataka kutuonyesha mlango, au unataka kusimama mahakamani? Nimeuliza askari watatu tofauti kwa nini hawaulizi, na wote wamenijibu kwamba jalada lisilo na maelezo bosi halikubali.

Mjadala wa mashahidi wa siri uliozuka 2025 kwenye kesi ya uhaini ya Tundu Lissu umezidi kuwachanganya watu. Naombeni msiyafunge mawili haya kwenye furushi moja. Kumficha shahidi ambaye maneno yake yanaweza kumfunga mtu au kumnyonga ni jambo zito, linalogusa haki ya mshtakiwa kumjua anayemtuhumu, na wanasheria wana kila sababu ya kuligombania. Kumficha mama aliyesema "tazameni geti lile" hakumpunguzii mshtakiwa haki yoyote, maana hakuna atakayefungwa kwa neno la mama yule. Atafungwa kwa fremu zilizokutwa ndani.

Hapa nisimame kidogo upande wa pili, kwa sababu nikiishia kumsifu raia mwema nitakuwa nimewadanganya. Mitaani kuna watu tunaowaita informa, na si akina Fundi. Ni kijana anayejulikana kuwa ni wa kituoni. Anakunywa na maaskari, anaendesha pikipiki isiyokamatwa, anauza bangi uchochoro wa tatu na hakuna anayemgusa, kwa sababu kila mwezi anatoa watu wawili watatu. Anaowatoa ni washindani wake, au mwenye nyumba aliyemdai kodi, au aliyemchukulia mpenzi. Kete za bangi zinakutwa chini ya godoro la mtu asiyevuta hata sigara. Ukiuliza taarifa imetoka wapi unaambiwa ni siri, tunalinda chanzo. Hapo siri si ngao ya mnyonge tena. Ni pazia.

Sisi si wa kwanza. Huko Boston, Marekani, James "Whitey" Bulger alikuwa jambazi mkubwa na wakati huo huo mtoa taarifa wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya kule, kuanzia 1975. Askari aliyekuwa anamshughulikia, John Connolly, aligeuka kuwa yeye ndiye mtoa taarifa, akimpelekea Bulger siri za upelelezi, yakiwemo majina ya waliotaka kumsema. Watu waliuawa. Bulger alitonywa kwamba anakuja kukamatwa, akatoroka Desemba 1994 na hakupatikana hadi 2011. Connolly alifungwa. Miaka yote ile hakukuwa na jicho la tatu la kweli juu yao. Kule kule Marekani, mwaka 2008 mjini Tallahassee, binti wa miaka 23 aliyekamatwa na dawa kidogo alitumwa na polisi akanunue dawa na bunduki, akiwa na dola 13,000 za mtego. Wakampoteza njiani. Aliuawa. Mwaka uliofuata jimbo la Florida likatunga sheria inayowataka polisi wawe na utaratibu wa kuwatumia watu wa namna hiyo, pamoja na mafunzo kwa askari wanaowatumia. Ilibidi afe kwanza.

Mahakama za Uingereza zililiona tatizo la pazia mapema, katika shauri la Marks na Beyfus la 1890: jina la mtoa taarifa lifichwe, isipokuwa pale ambapo bila kulijua mtu asiye na hatia angefungwa. Uingereza hiyo hiyo, kwa sheria yao ya mwaka 2000, kila mtoa taarifa wa siri lazima awe na askari mmoja anayeshughulika naye siku kwa siku, na mwingine wa juu yake anayewaangalia wote wawili. Na kumbukumbu zenye jina halisi hazifunguliwi ila na mwenye haja ya kweli ya kulijua. Simsifii Mwingereza, naye ana madhambi yake mengi. Ila huo mpango wa watu wawili naupenda, kwa sababu unamlinda Fundi na unambana kijana wa kete kwa kamba ile ile. Jina linafungiwa mbali, lakini lipo, na kuna mtu wa pili anayejua ni nani aliyesema na amewahi kusema nini. Akikosea mara tatu anaonekana.

Ninachowaomba hakihitaji fedha za mfadhili. Mlipoanzisha Dawati la Jinsia na Watoto, mlitambua wenyewe kwamba mwanamke aliyebakwa hawezi kueleza mkasa wake kaunta mbele ya watu, mkatenga vyumba. Sehemu nyingine ni chumba kimoja na pazia, lakini kipo, na mlango wake mtu anaingia bila kuulizwa shida yake na benchi. Basi kumbe mnajua. Mwacheni mwenye taarifa apite mlango huo huo. Atakayemwona atadhani ni ugomvi wa mume na mke. Akiingia, jina lake liandikwe kwenye daftari moja linalofungiwa kabatini kwa mkuu wa upelelezi, na mbele ya jina iwekwe namba. Kuanzia hapo, kwenye jalada, kwenye redio ya gari, kwenye malipo kama yapo, itajwe namba peke yake. Kuna mpango ulioanzia Albuquerque, Marekani, mwaka 1976, ukafika Uingereza 1988, ambapo anayepiga simu haulizwi jina kabisa. Anapewa namba, na zawadi ikitoka anaichukua kwa namba. Fedha zinatoka, jina halijawahi kuwepo, basi hakuna wa kulivujisha. TAKUKURU wana 113 ya bure. Kenya wana laini yao ya bure ya Fichua kwa DCI, idara yao ya upelelezi. Nanyi wekeni namba moja ya taifa ya taarifa za siri, ya bure, inayopokelewa mbali na mkoa husika na isiyomwonyesha anayepokea namba ya anayepiga. Makamanda waache kutangaza namba zao za mkononi kwa ajili hiyo. Najua wanafanya kwa moyo mzuri.

Halafu difenda. Hili nalitilia mkazo kwa sababu halina gharama hata ya karatasi. Asiwepo askari wa kwenda kumuuliza mtoa taarifa chochote eneo la tukio, kamwe. Mkitaka uhakika wa nyumba, piteni siku moja kabla kwa miguu, mkiwa raia, nunueni muwa, ulizeni chumba cha kupanga. Siku ya kukamata anzeni nyumba mbili nyingine, au kagueni pikipiki barabarani kwanza, watu wadhani mmeifuata pikipiki. Wazee wenu waliostaafu walikuwa wanajua haya. Kuna kachero mmoja wa zamani, nilikuwa kijana, alikuwa akitaka kumkamata mtu mtaani kwetu anamkamata na mtoa taarifa pia, anampiga kofi moja la haja mbele ya watu na kumtupa kwenye gari pamoja na wengine, kesho yake anamwachia. Kofi lile lilikuwa ndiyo bima. Sisemi mrudie makofi.

Na mtu akivujisha jina, awe askari, karani au mjumbe kama mimi, lifunguliwe shauri kama linavyofunguliwa silaha ikipotea ghalani. Bastola moja ikipotea kituo kizima hakilali. Jina likipotea hakuna hata anayejua kwamba limepotea.

Mmewahi kufanya vizuri, nami sisahau. Mwaka 2009, mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalipozidi kanda ya Ziwa, serikali iliitisha kura za siri, watu wakaandika kwenye karatasi majina ya waliowashuku, wakatumbukiza kwenye sanduku. Mzee mmoja wa Geita aliniambia baadaye kwamba yeye alichofurahia si kutaja. Alifurahi kwamba kijiji kizima kilipanga foleni. Aliyeandika na aliyetumbukiza karatasi tupu walionekana sawa. Najua kasoro zake: karatasi nyingine zilikuwa za chuki, na jina kutajwa mara kumi si ushahidi wa kumfunga mtu. Ndiyo maana narudia, taarifa ni mlango tu. Na hapa niseme jambo ambalo wenzangu wa mtaani husema kwa kunong'ona: wapo wasioongea si kwa kuwaogopa wezi. Wanaogopa huyo watakayemtaja, ambaye mara nyingi ni mtoto wa jirani waliyemwona akikua, atafanywa nini akishaingia kwenye gari. Mtu anataka mwizi akamatwe, apelekwe mahakamani, afungwe. Hataki kuja kuulizwa na mama yake, miaka yote, mwanangu alikwenda wapi. Mkitaka tuseme, hakikisheni tunaowataja wanafika mbele ya hakimu.

Mwezi uliopita mtu mmoja alikuja kwangu baada ya swala ya isha. Sitasema ni mwanamume au mwanamke, wala alikuwa na habari ya nini. Alipofungua mdomo nikamsimamisha. Nikamwambia asinieleze amejuaje, anipe nyumba na saa tu, kisha aende zake na kesho tukikutana asinisalimie kwa namna yoyote tofauti na siku zote. Siku mbili baadaye nikapita pale mwenyewe, mara tatu, na fimbo yangu, mpaka nikaona cha kuona. Nikaenda kituoni. Askari wa kaunta akaniuliza kwa sauti nimekuja na taarifa gani, nami nikamjibu kwa sauti kubwa zaidi ili benchi lote lisikie vizuri kwamba nimeona mimi, kwa macho yangu, hakuna aliyeniambia. Likaja daftari. Nikataja jina langu kamili, umri miaka 68, kabila, mahali ninapoishi, jirani na nani, namba ya simu.

Tangu siku hiyo simu ikiita kwa namba nisiyoijua napokea mwenyewe. Zamani nilikuwa namwachia mjukuu.

Wenu,
Mjumbe mstaafu wa serikali ya mtaa,
Dar es Salaam